Vikapu vya Chini ya Meza

Kazi ilikuja kwa WhatsApp, kama kazi zangu nyingi. Rafiki ya rafiki alikuwa anatafuta mtu wa kuandikia kampuni moja ya Westlands ripoti ya mazingira, "lakini isisomeke kama ripoti." Shilingi elfu sitini, nusu mwanzo, nusu mwisho. Sikuuliza swali la pili. Mwezi huo nilikuwa nimeandika maelezo ya viatu mia moja na ishirini vya duka la mtandaoni, na mwenye nyumba alikuwa ameanza kuniita kwa majina yangu yote matatu.

Niseme mapema kwamba sina digrii. Niliacha chuo mwaka wa tatu nikisomea takwimu. Sababu kubwa ilikuwa karo, ingawa palikuwa na uvivu fulani pia ambao siwezi kuutupia serikali. Miaka miwili ya kwanza ililipwa na shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, anayeishi Dandora. Kazi yake ni kusafisha ofisi. Ofisi gani, hakuwahi kusema. Ukimuuliza anajibu "huko Westi," basi. Mimi sikuwahi kuuliza zaidi. Mtu anakulipia karo miaka miwili na hujui pesa inatoka jengo gani.

Yeye huniita baba. Nilipewa jina la babake, kwa hivyo kwake mimi ni mtoto na ni mzee wake kwa wakati mmoja. Hata akinikaripia hunikaripia kwa heshima.

Siku ya kwanza nilipanda lifti hadi orofa ya nne nikiwa nimevaa shati la harusi ya binamu. Meneja, mwanamke mpole anayeongea haraka, alikuwa ananionyesha chumba cha mikutano. Mlangoni kulikuwa na mama anapangusa kioo, amevaa yunifomu ya buluu ya kampuni ya usafi. Aliniona kabla sijamwona. Akashusha macho, akasogeza ndoo kwa mguu ili tupite, akasema, "Karibu, bosi."

Nikasema, "Asante."

Jioni akanipigia. "Baba, ulipendeza na hiyo shati." Kisha akanyamaza kidogo. "Huko tusijuane. Wakijua wewe ni wa kwangu watakulipa kidogo." Nilikubali haraka kuliko inavyofaa.

Makao makuu ya hiyo kampuni yako Ulaya, na huko ndiko jedwali lilitoka: Excel ya kurasa kumi na moja, tujaze tupate alama. Kwa wale hamjawahi kukutana na hesabu hizi, hewa chafu ya kampuni hugawanywa mafungu matatu. La kwanza ni unachochoma mwenyewe, kama dizeli ya jenereta na petroli ya magari ya kampuni. La pili ni umeme unaonunua. La tatu ni kila kitu kingine kinachotendeka kwa sababu wewe upo: ndege wanazopanda mabosi, karatasi iliyotengenezwa mbali ukaletewa, mat ambazo wafanyakazi wanapanda asubuhi, lori linalobeba taka zako. Hili la tatu mara nyingi ndilo kubwa na ndilo gumu, kwa hivyo watu hupenda kuongea juu ya taa.

Sisi pia tulianza na taa. Jedwali lilitoa alama kibao kwa kuzima taa, kama vile kila mahali umeme hutoka kwa makaa ya mawe. Hapa Kenya karibu asilimia 90 ya umeme wa gridi unatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana, upepo wa Loiyangalani na jua. Zima taa, ni tabia nzuri na bili itashuka. Lakini stima zikipotea, na tunajua zinapotea, jenereta ya pale chini inaamka, na kila lita ya dizeli inayochomwa inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ya kaboni. Stika za "Zima Kabla ya Kutoka" zilibandikwa kila ukuta. Kwa jenereta hakuna aliyebandika kitu.

Nikaandika kwamba wakitaka kupunguza kitu cha maana, waweke sola na betri, na wapunguze safari za Ulaya, maana mtu mmoja kwenda na kurudi ni karibu tani nzima ya hewa au zaidi, kulingana na anayepiga hesabu. Meneja akasema sola ni mambo ya mwenye jengo, na safari ni mambo ya mabosi. Nikauliza kuhusu AC. Nairobi iko juu sana, tunavaa sweta Julai, na zile ofisi za UNEP na UN-Habitat zilizofunguliwa Gigiri mwaka wa 2011 zilijengwa hewa ijipitishe yenyewe, paa limejaa sola. Akasema madirisha ya jengo letu hayafunguki. Hapo tukaachana na hewa. Tukabaki na taka.

Jedwali lilitaka kilo za taka kwa kila mwezi. Kampuni inayozoa ilituma barua yenye namba moja: kilo mia tano. Mwezi baada ya mwezi, mia tano. Hata Desemba, ofisi ikiwa imefungwa wiki mbili, mia tano. Hata mtu aliyeacha takwimu mwaka wa tatu anajua hiyo si hesabu.

Nikampigia shangazi.

"Unataka kupima taka?" Alicheka mpaka akakohoa. Lakini siku ya pili alikuwa ameazima mizani ya kuning'iniza kutoka kwa jamaa anayenunua vyuma karibu na kwake, na kwa wiki mbili nilikuwa nafika ofisini saa kumi na moja asubuhi, wakati zamu yake inaanza, eti kwa sababu ya utafiti. Wenzake wanne walijua kila kitu. Waliniita baba pia, kwa utani, mlinzi akiwa mbali.

Chini ya kila meza kulikuwa na kikapu cheusi cha plastiki na ndani yake mfuko mwepesi. Shangazi alikuwa anavisoma vile vikapu kama gazeti. Huyu wa kona ameanza kubeba chakula cha nyumbani, mambo yamekuwa magumu. Huyu ana mimba, lakini hajaambia mtu, angalia malimau. Huyu wa dirishani ataacha kazi kabla ya mwezi kuisha. Nikauliza amejuaje. Akanipa karatasi iliyokunjwa: CV, ukurasa wa kwanza, imeprintiwa mara tatu kwa sababu namba ya simu ilikuwa na kosa. (Aliacha kazi tarehe ishirini na sita.)

Nilijifunza kwamba mkutano wa saa moja unaacha chupa tisa za maji zilizonywewa funda mbili mbili. Shangazi alikuwa anayamimina yale maji kwa ndoo ya kupigia deki. Hakuna mtu alikuwa amemwambia afanye hivyo, na hakuna safu yake kwa Excel.

Tukapima. Zaidi ya nusu ya uzito ilikuwa chakula: wali, maganda ya ndizi, chipo zilizolala, mifuko ya majani chai. Karatasi ilifuata. Zile plastiki ambazo kila mtu alikuwa anazizungumzia kwenye mikutano zilijaza macho lakini kwa mizani hazikufika mbali. Chakula ndicho kilikuwa shida kubwa, kwa sababu kikifunikwa na taka zingine pasipo hewa, kinaoza na kutoa methani, ambayo ukiipima kwa miaka mia moja inapasha dunia joto zaidi ya mara 25 kuliko kaboni ya uzito huohuo.

Karatasi nayo ilikuwa na hadithi. Ilikuwa tayari inarejelezwa, na kampuni haikujua. Shangazi na wenzake walikuwa wanatenga karatasi nyeupe na maboksi tangu zamani, wanaziweka nyuma ya ngazi, na kila Ijumaa jamaa wa mkokoteni anakuja kuzinunua kwa kilo. Haikuwa pesa ya kumtajirisha mtu. Iliingia kwa chama chao kidogo, na mwaka mmoja, nilikuja kujua hapo nikiwa nimeshika mizani, ndiyo iliyonilipia mtihani wa muhula wa pili. Nilikuwa nimekalia kiti cha chuo kwa karatasi za mikutano ya watu.

Asubuhi moja niliteremka mpaka chini kuona lori. Ofisi tayari ilikuwa na mapipa ya rangi tatu jikoni, mazuri, yameandikwa vizuri. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe pale zinapotoka, na kwa kweli zilikuwa zinatenganishwa. Kisha vijana wa lori wakachukua mfuko wa kijani, wa buluu na wa kahawia, wakatupa vyote nyuma, mashine ikabana. Nikamuuliza dereva zinaenda wapi. Aliniangalia kama mtu aliyeuliza jua huzama upande gani.

Jaa la Dandora lilianza katikati ya miaka ya 1970. Lilitangazwa limejaa mwaka wa 2001, na bado tunajaza. Mwaka wa 2007 utafiti wa UNEP uliwapima watoto 328 wanaoishi karibu na hapo, na nusu yao walikuwa na madini ya risasi kwa damu kupita kiwango kilichokubalika. Wengine wanasoma hayo kama takwimu. Mimi nimelala kwa shangazi usiku moshi ukiingia, umefunga dirisha na bado unauonja. Taka za ofisi zilikuwa zinafika Dandora kabla yake. Zinatoka Westlands saa kumi na mbili asubuhi; yeye anatoka saa nane mchana, mat mbili, na zikiwaka jioni anazikuta.

Haya yote niliyaandika. Nikapendekeza watafute mtu wa kuchukua chakula kando, kiende kwa mbolea au kwa wafugaji wa nguruwe, na watu wa karatasi walipwe rasmi. Wakapenda sehemu ya karatasi. Wakasaini mkataba na kampuni kubwa ya urejelezaji, yenye lori safi na cheti kila mwezi. Jamaa wa mkokoteni alikuja Ijumaa akakuta nyuma ya ngazi hakuna kitu. Kwa ripoti nikaandika kwamba karatasi inayorejelezwa imetoka sufuri. Nilijua haijatoka sufuri. Lakini sufuri ndiyo iliyokuwa kwenye jedwali, kwa sababu hakuna aliyewahi kupima ya akina shangazi.

Hapo ndipo nikatoa wazo langu la vikapu.

Lilikuwa wazo zuri, naapa. Orofa tatu, vikapu sabini na vinne chini ya meza, kila kimoja kinabadilishiwa mfuko kila siku hata kama kina tishu moja tu. Sabini na nne mara siku tano mara wiki hamsini na mbili ni mifuko 19,240 kwa mwaka. Nililiweka hilo kwa slaidi moja, herufi kubwa. Nikaeleza kwamba mtu akiwa na kikapu miguuni hatupi kwa rangi, anatupa tu. Ukikiondoa, itabidi ainuke aende kwa mapipa ya jikoni, na njiani atafikiria. Ofisi nyingi duniani zimefanya hivyo. Watu walipiga makofi. Kuna mtu alisema, "Simple but genius." Mimi, mtu wa kuacha chuo, nimepigiwa makofi Westlands. Nilirudi kejani nikinunua kuku.

Vikapu viliondolewa wikendi moja. Wiki ya kwanza watu walilalamika, mmoja akaleta boksi la viatu akalificha chini ya meza. Wiki ya tatu wakazoea. Mifuko ikapungua, chakula kikaanza kwenda kwenye pipa lake, namba zikashuka vizuri. Niliandika sura ya tatu ya ripoti kwa furaha. Neno "kupunguza" lilitokea humo mara thelathini na moja, nililihesabu baadaye.

Jumapili moja shangazi akapiga simu. Salamu ilikuwa ndefu kuliko kawaida, akauliza mpaka paka wa jirani.

"Baba," akasema, "wametupunguza."

Kampuni ya usafi ilikuwa imekuja kuangalia kazi upya. Vikapu sabini na vinne vya kutembelea kila asubuhi havipo tena. Mapipa ni tisa. Kwa hivyo watu watano ni wengi. Watabaki watatu, wawili wawe wa kuitwa kukiwa na haja. Shangazi alikuwa mkubwa kwa umri kuliko wote. Hakunilaumu. Alikuwa ananipa habari, kama anavyonipa habari za msiba.

Nilikaa na hiyo simu siku mbili. Kisha nikaongeza aya moja kwa sura ya tatu, mistari minne: kwamba kupungua kwa taka kumeenda pamoja na kupungua kwa wasafishaji, kwamba mifuko iliyookolewa na mishahara iliyokatwa zinatoka kwa uamuzi mmoja, na kwamba kampuni ingeweza kuwapa wale wawili kazi ya kusimamia utenganishaji, ambayo hakuna mtu anaijua kuwaliko.

Meneja aliifuta. Hakuwa na ubaya, na sitamfanya shetani hapa ili mimi nipendeze. Alinipigia mwenyewe. "Nakuelewa kabisa," akasema, "lakini hii ni ripoti ya mazingira, hii ni mambo ya wafanyakazi. Na pia, technically, hao si wafanyakazi wetu."

Nikamwambia lori la taka pia si letu, lakini moshi wake tumeuhesabu, fungu la tatu, safu ya kumi na nne. Teksi za wafanyakazi si zetu, tumezihesabu. Ndege si yetu. Tumehesabu mpaka karatasi iliyotengenezwa nchi nyingine na watu ambao hatutawahi kuwaona, kwa sababu kanuni inasema kinachotendeka kwa ajili yako ni chako. Sasa moshi wa mkandarasi ni wetu na mama wa mkandarasi si wetu?

Kukawa kimya. Akasema, "Hiyo ni point nzuri sana." Kisha akasema tarehe ya kutuma ripoti makao makuu ni Ijumaa.

Ningeweza kusema kwamba yule mama ni shangazi yangu. Neno lilikuwa mdomoni. Sikusema. Nilijiambia ni kwa sababu ya ahadi yetu, tusijuane, na pengine ni kweli kidogo. Lakini elfu thelathini za mwisho zilikuwa hazijaingia. Nikatuma ripoti bila ile aya. Jumatatu pesa ikaingia.

Nilienda Dandora Jumamosi iliyofuata na unga, sukari, mafuta, na elfu kumi na tano kwa bahasha. Shangazi alikuwa ameanza kuosha nguo za watu Buruburu siku tatu kwa wiki, na mikono yake ilikuwa imechubuka na sabuni. Alipokea bahasha kwa mikono miwili, akaiweka chini ya kitambaa cha meza bila kuifungua. Tukanywa chai. Nikasema kabla sijaogopa tena.

"Shangazi, vile vikapu. Lilikuwa wazo langu."

"Najua," akasema. "Nilikuona ukivihesabu."

Alikuwa amejua tangu siku hiyo, miezi miwili. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia kitu. Akasema mifuko ilikuwa mingi kweli, ilikuwa inamuudhi hata yeye, miaka yote hiyo anamwaga tishu moja na kutupa mfuko mzima. "Wazo halikuwa baya, baba. Ungeniuliza tu, ningekwambia itaangukia nani."

Pembeni, karibu na jiko, niliona vikapu vinne vyeusi vimepangwa. Kimoja kina vitunguu, kimoja viazi, kimoja nguo za kufua za mjukuu, cha nne kitupu. Nikauliza. Akasema siku ya kuviondoa walivirundika chini karibu na lori, sabini na vinne, vizima kabisa, havina hata ufa, na vijana wa lori wakavitupa ndani na kuvibana. Yeye aliwahi vinne.

Sikuwa nimefikiria vitaenda wapi. Katika kurasa zangu zote arobaini na mbili, hakuna mahali nilipoandika vikapu vyenyewe vilienda wapi.

Akaniwekea kile kitupu karibu na viatu vyangu niende nacho. Alinisindikiza mpaka stage, akiniuliza kama chuo wanaweza kunirudisha mwaka uleule wa tatu au ni kuanza upya, na mimi nikijibu nusu nusu. Mat ilipofika nilikuwa tayari mlangoni, kikapu mkononi, konda akiuliza kama hicho ni abiria.

"Na mizani ya watu," shangazi akaita, "ulirudisha?"

Sikuwa nimerudisha.